Kutoka Sekedi hadi Herufi m: Historia ya Mteremko wa Mstari Mnyoofu kama Namba

Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari anayeulizwa maana ya mteremko wa mstari mnyoofu kwa kawaida hujibu kwa kutaja kanuni: chukua nukta mbili, tafuta tofauti ya y, tafuta tofauti ya x, kisha gawanya tofauti ya kwanza kwa ya pili. Akipewa nukta (2, 5) na (6, 13), atapata tofauti ya wima 8 na tofauti ya mlalo 4, na atatangaza kwamba mteremko ni 2. Jibu ni sahihi na njia ni fupi. Ufupi huo ndio unaoficha jambo ambalo insha hii inalichunguza. Tendo la kugawanya kiasi cha wima kwa kiasi cha mlalo na kulihesabu jibu kuwa namba moja inayomilikiwa na mstari halikuwa tendo la kawaida katika hisabati ya kinadharia kwa karne nyingi. Wajenzi walilifanya kwa namna yao tangu enzi za mafarao, ilhali wanajiometria waliowafuata walilikwepa kwa makusudi, na walikuwa na sababu.

Vitabu vingi vya utangulizi humtaja René Descartes kuwa chimbuko la mteremko, kwa kuwa ndiye anayehusishwa na majira ya nukta na mihimili miwili. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba maelezo hayo hayatoshi. Mteremko wa leo ni muungano wa nasaba mbili. Ya kwanza ni nasaba ya fundi na mtazamakivuli, ambamo wima na mlalo hupimwa kwa kipimo kimoja na jibu ni namba tupu. Ya pili ni nasaba ya wanafalsafa wa mwendo, ambamo mhimili mmoja ni muda na mwingine ni kasi au umbali, na jibu, likipatikana, ni kiwango cha mabadiliko. Nasaba hizi ziliunganishwa baadaye sana kuliko inavyodhaniwa, na mahali zilipounganishwa pangali panawasumbua wanafunzi.

Sekedi: mteremko unaoanzia kwenye timazi

Ushahidi wa zamani ulio wazi zaidi umo katika hati ya mafunjo ya Rhind, iliyonakiliwa na karani Ahmose takriban mwaka 1550 KK, ikanunuliwa Luxor mwaka 1858 na Alexander Henry Rhind, na ambayo sasa sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Maswali ya 56 hadi 60 ya hati hiyo yanahusu kipimo kilichoitwa sekedi. Ili kukielewa, ni lazima kwanza kukumbuka mfumo wa vipimo uliotumika. Dhiraa moja ya kifalme iligawanywa katika viganja 7, na kila kiganja katika nyanda 4, hivyo dhiraa nzima ilikuwa na nyanda 28. Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika jambo hili, kwani dhiraa, kiganja na wanda ni maneno anayoyafahamu kutoka katika vipimo vya mwili vya pwani, na hahitaji kufikiri kwa sentimita.

Sekedi ni idadi ya viganja ambavyo uso wa piramidi hurudi nyuma kwa mlalo kila unapopanda dhiraa moja wima. Swali la 56 linatoa piramidi yenye kimo cha dhiraa 250 na upande wa kitako wa dhiraa 360. Karani anachukua nusu ya 360, yaani 180, kwa kuwa kilele kiko juu ya kitovu cha kitako. Kisha anatafuta 180 ni sehemu gani ya 250, na anapata nusu, na sehemu moja ya tano, na sehemu moja ya hamsini ya dhiraa, ambayo kwa desimali ni 0.72. Mwisho anazidisha kwa 7 ili kugeuza dhiraa kuwa viganja, na anapata viganja 5 na sehemu moja ya ishirini na tano. Swali la 57 linakwenda kinyume: sekedi imetolewa kuwa viganja 5 na wanda 1, kitako ni dhiraa 140, nacho kimo kinatafutwa. Jibu ni dhiraa 93 na theluthi moja. Karani anayeweza kwenda na kurudi kwa namna hiyo anaelewa kwamba vitu vitatu, yaani kimo, nusu ya kitako na sekedi, vimefungamana kiasi kwamba viwili vikijulikana cha tatu hakina budi kupatikana. Piramidi kuu ya Khufu, ambayo vipimo vyake vya asili vinakadiriwa kuwa dhiraa 280 kwa kimo na 440 kwa upande, inatoa sekedi ya viganja 5 na nusu kamili, jambo linaloonyesha kwamba kipimo hiki hakikuwa zoezi la darasani tu.

Tofauti kati ya sekedi na mteremko wa leo inastahili kutazamwa kwa makini. Sekedi ni mlalo kwa wima, ilhali mteremko ni wima kwa mlalo. Sekedi kubwa humaanisha uso uliolala zaidi, nao mteremko mkubwa humaanisha mstari uliosimama zaidi. Ukuta uliosimama wima una sekedi ya sifuri, lakini katika hisabati ya leo mstari wa wima hauna mteremko, kwa kuwa tofauti ya x ni sifuri na hakuna kugawanya kwa sifuri. Sakafu tambarare, kinyume chake, ina mteremko wa sifuri lakini haina sekedi. Tofauti hii si ya bahati mbaya. Mwashi huanza na timazi. Kwake yeye hali ya kawaida ni wima, na swali lake ni ukuta umeikimbia timazi kwa kiasi gani. Mwanahisabati wa karne ya 18 alianza na mhimili wa mlalo. Kila mmoja aliipa sifuri hali aliyoianzia.

Kivuli

Mlalo kwa wima ndio uwiano uliotawala pia elimu ya vivuli. Kijiti kilichosimamishwa kwenye ardhi tambarare hutupa kivuli, na urefu wa kivuli ukigawanywa kwa urefu wa kijiti hutoa namba inayoeleza mwinamo wa mwale wa jua. Wanaastronomia wa ulimwengu wa Kiislamu waliikuza elimu hii kuanzia karne ya 9. Habash al-Hasib na baadaye al-Battani, aliyefariki mwaka 929, waliandaa majedwali ya vivuli, na desturi iliyoenea ilikuwa kukichukulia kijiti kuwa na nyanda 12. Abu al-Wafa al-Buzjani katika karne ya 10 alipendekeza nusu kipenyo cha duara kichukuliwe kuwa 1, hatua iliyofanya kivuli kiwe kile kinachoitwa leo tanjenti, yaani namba isiyofungwa na urefu wa kijiti chochote. Naye al-Biruni (973–1048) aliandika kitabu kizima kuhusu vivuli, ambamo nyakati za sala zina nafasi kubwa.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki elimu hii haikuwa ya mbali. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hiyo, wakati wa alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe baada ya kuongezewa kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa katikati ya mbingu. Aliyepima alasiri kwa kijiti alikuwa akilinganisha mlalo na wima, na alijua kwamba kijiti kirefu na kijiti kifupi hutoa jibu moja. Ujuzi huo wa mwisho ndio kiini cha mteremko: uwiano haubadiliki hata pembetatu ikikuzwa au kupunguzwa. Euclid alikuwa ameuthibitisha katika kitabu cha sita cha *Elementa*, pendekezo la 4, kwamba pembetatu zenye pembe sawa zina pande zenye uwiano sawa. Pendekezo hilo ndilo linalompa mwanafunzi wa leo haki ya kuchagua nukta zozote mbili juu ya mstari. Kwa mstari wa mfano wa mwanzo, nukta (3, 7) na (4, 9) pia zimo, nazo zinatoa 2 juu ya 1, uwiano uleule wa 8 juu ya 4. Ajabu ni kwamba vitabu vya shule hutoa kanuni mara nyingi bila kueleza kwamba ina haja ya kuthibitishwa.

Sharti la viasi vya aina moja

Hadi hapa hakuna kizuizi kinachoonekana. Dhiraa zinagawanywa kwa dhiraa, nyanda kwa nyanda. Kizuizi kilijitokeza pale watu walipotaka kuchora mabadiliko ya kitu kisicho urefu. Katika kitabu cha tano cha *Elementa*, fasili ya 3, Euclid anaueleza uwiano kuwa ni uhusiano wa ukubwa kati ya viasi viwili vya aina moja. Urefu unaweza kulinganishwa na urefu, eneo na eneo, muda na muda. Umbali hauwezi kulinganishwa na muda, kama vile hakuna maana ya kuuliza kamba hii ni ndefu mara ngapi kuliko mchana. Sharti hili lilikuwa tunda la nadharia makini iliyoweza kushughulikia hata viasi visivyoweza kuandikwa kama sehemu ya namba kamili. Gharama yake ni kwamba kasi, kwa maana ya umbali uliogawanywa kwa muda, haikuwa kitu kinachoweza kuandikwa.

Katika karne ya 14 wasomi wa Merton College, Oxford, na wenzao wa Paris walianza kuuliza maswali juu ya sifa zinazozidi na kupungua: joto, weupe, kasi. William Heytesbury, katika kazi yake ya mwaka 1335, alieleza mwendo ambao kasi yake huongezeka kwa kiasi sawa katika vipindi sawa vya muda. Nicole Oresme, msomi wa Paris aliyekuja kuwa askofu wa Lisieux, aliyatia maelezo hayo katika michoro. Katika risala yake juu ya maumbo ya sifa na miendo, iliyoandikwa katika miaka ya 1350, muda au urefu wa kitu unawakilishwa na mstari wa mlalo, na ukali wa sifa katika kila nukta unawakilishwa na mstari unaosimama wima juu ya nukta hiyo. Ncha za mistari hiyo ya wima zikiungana katika mstari mnyoofu ulioinama, sifa hiyo inabadilika kwa usawa.

Jinsi Oresme anavyoifasili hali hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote kwa mtafiti wa historia ya mteremko. Anasema, kwa ufupi, hivi: chukua nukta tatu zozote, uwiano wa umbali kati ya nukta ya kwanza na ya pili kwa umbali kati ya ya pili na ya tatu ni sawa na uwiano wa ziada ya ukali wa nukta ya kwanza juu ya ya pili kwa ziada ya ya pili juu ya ya tatu. Msomaji wa leo akiandika maelezo hayo kwa alama, na akazihamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine, atapata mara moja kwamba tofauti ya y kwa tofauti ya x ni ileile kati ya nukta zozote. Lakini Oresme hazihamishi. Analinganisha umbali na umbali, ukali na ukali, na kuziweka nisbati hizo mbili kuwa sawa. Kila upande wa mlinganyo wake unatii sharti la Euclid. Mteremko usiobadilika umo ndani ya fasili hiyo kwa ukamilifu, na hata hivyo haupewi namba wala jina.

Ingekuwa rahisi kuliita jambo hili woga. Risala yenyewe inaonyesha vinginevyo. Oresme anafafanua kwamba sifa moja inaweza kuwakilishwa na umbo refu zaidi au fupi zaidi, mradi vimo vyote vikuzwe au vipunguzwe kwa uwiano mmoja. Hakuna sheria inayosema kipimo fulani cha joto kiwakilishwe na kidole kimoja badala ya viwili. Kwa hiyo pembe ambayo mstari wa juu unafanya na mstari wa chini haina maana yoyote juu ya sifa yenyewe. Ni tokeo la uamuzi wa mchoraji. Mwashi wa piramidi hakuweza kusema hivyo, kwa sababu pembe ya piramidi inaonekana kwa macho na mvua huteleza juu yake. Hapo ndipo nasaba mbili zinapoachana waziwazi: katika ile ya kwanza mteremko na pembe ni habari moja iliyosemwa kwa njia mbili, katika ile ya pili pembe ni kivuli cha mchoro tu.

Karne ya 17

Galileo alilirithi sharti lilelile. Katika kitabu chake cha mwaka 1638, anapoujadili mwendo wa kasi isiyobadilika, anasema kwamba umbali mmoja uko kwa umbali mwingine kama muda mmoja ulivyo kwa muda mwingine. Hagawanyi umbali kwa muda. Msomaji anayetafuta kasi kama namba katika kurasa hizo hataipata.

Wakati huohuo Ufaransa ilikuwa na watu wawili waliokuwa wakiunganisha aljebra na jiometria. Pierre de Fermat, katika utangulizi wake wa nadharia ya njia za nukta, ulioandikwa takriban mwaka 1636 na kuchapishwa mwaka 1679 baada ya kifo chake, anatoa mlinganyo wa mstari unaopita kwenye chimbuko. Akitumia herufi kwa desturi ya Viète, anaandika kwamba D mara A ni sawa na B mara E, ambapo A na E ni viasi visivyojulikana na B na D vimetolewa. Kisha anausoma mlinganyo huo kama uwiano: B iko kwa D kama A ilivyo kwa E. Herufi mbili zilizotolewa zinabaki mbili. Fermat hakuona sababu ya kuzigeuza kuwa moja kwa kugawanya D kwa B, na ni kugawanya huko tu kulikobaki ili mteremko uonekane.

Mchango wa Descartes, katika *La Géométrie* ya mwaka 1637, ni wa aina nyingine. Alipendekeza kwamba ukichagua urefu mmoja kuwa 1, basi urefu mara urefu unaweza kuwa urefu tena badala ya kuwa eneo, na urefu kwa urefu pia ni urefu. Pendekezo hilo linaonekana dogo lakini liliufungua mlango ambao Euclid aliufunga, kwa kuwa sasa kila kiasi kilichochorwa kiliweza kushughulikiwa kama namba. Hata hivyo kitabu hicho hakina fasili ya mteremko wa mstari mnyoofu. Mistari ya Descartes inayofanya kazi ya mihimili hukutana kwa pembe yoyote inayolifaa tatizo lililopo, na pembe hiyo isipokuwa pembemraba, namba inayozidishwa na x katika mlinganyo haiwi tena tanjenti ya mwinamo. Alama hasi nazo zilikuwa bado hazijapewa makao upande wa pili wa chimbuko. Ni katika uchunguzi wa Newton juu ya mistari ya daraja la tatu, uliochapishwa mwaka 1704, ambapo majira hasi yanatumiwa kwa utaratibu kwenye mihimili yote miwili. Bila hayo, mstari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia na ule unaopanda vilihitaji maelezo mawili tofauti, ilhali leo nukta (1, 9) na (4, 3) zinatoa −6 juu ya 3, yaani −2, na alama yenyewe inatangaza kwamba mstari unashuka.

Kilichofuata kinakwenda kinyume na mpangilio wa silabasi. Shuleni mwanafunzi hujifunza mteremko wa mstari mnyoofu kwanza, na miaka kadhaa baadaye mteremko wa mstari uliopinda. Katika historia, watu walishughulika na uliopinda kabla hawajaona haja ya kuuandikia ule mnyoofu kanuni yake. Isaac Barrow mwaka 1670 alitumia pembetatu ndogo sana iliyobanwa kati ya tao na mguso wake. Leibniz mwaka 1684 alichapisha kanuni za tofauti ndogo dy na dx, na uwiano wao ukawa ndio mwelekeo wa mguso. Mstari mnyoofu ulionekana rahisi mno kiasi cha kutostahili sura yake wenyewe. Kwa wanajiometria wa wakati ule mtu aliyehitaji mstari aliuchora kwa rula.

Kanuni inapata umbo lake

Hali hiyo ilibadilika pale hisabati ilipohitajika kufundishwa kwa wengi. Gaspard Monge alifundisha katika shule ya wahandisi wa kijeshi ya Mézières, ambako ngome, mahandaki na tuta za udongo vilihitaji kukokotolewa kabla ya kuchimbwa. Katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1784 ndimo inamoonekana wazi kanuni ya mstari unaopita katika nukta moja na wenye mteremko uliotolewa, ambayo kwa alama za leo ni y − y₁ = a(x − x₁). Shule ya École Polytechnique ilipoanzishwa mwaka 1794, Monge alikuwa miongoni mwa walimu wake, na vitabu vya Sylvestre-François Lacroix viliyasambaza mambo haya kwa vizazi vya wanafunzi. Kwa hiyo sura ya kwanza ya kitabu cha jiometria ya majira, ile inayoanza na mstari mnyoofu, ni matunda ya darasa la wahandisi wa mwisho wa karne ya 18. Nasaba ya mwashi ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa na herufi.

Kuhusu herufi yenyewe, kuna hadithi inayosimuliwa sana kwamba m imetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kupanda, na kwamba Descartes ndiye aliyeichagua. Hadithi hiyo haina msingi. Descartes hakutumia m kwa maana hiyo, na vitabu vya Ufaransa vyenyewe huandika y = ax + b. Matumizi ya m yameonekana kwa Mwitaliano Vincenzo Riccati mwaka 1757. Katika Kiingereza yanapatikana kwa Matthew O'Brien mwaka 1844, kisha kwa Isaac Todhunter, ambaye kitabu chake cha mwaka 1855 kilisaidia kuieneza sura ya y = mx + c inayojulikana leo katika shule zilizofuata mitaala ya Kiingereza, zikiwamo za Afrika Mashariki.

Neno na darasa

Karatasi ya miraba, ambayo sasa haitenganishwi na mada hii, iliingia katika shule za Uingereza kwa nguvu baada ya John Perry kudai mageuzi ya ufundishaji mbele ya mkutano wa wanasayansi uliofanyika Glasgow mwaka 1901. Perry alikuwa mhandisi, na alitaka mwanafunzi achore grafu za vitu halisi vilivyopimwa. Kwa njia hiyo nasaba ya Oresme, yenye mihimili ya viasi tofauti, iliwekwa juu ya karatasi ileile na nasaba ya piramidi, na neno moja likatumika kwa zote mbili.

Kwa Kiswahili suala la neno lina uzito wa pekee, kwa kuwa hisabati ya sekondari nchini Tanzania na Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hukutana na dhana hii katika lugha isiyo ya nyumbani. Maneno yanayopatikana ni mteremko, mwinuko na mwinamo. Mteremko, linalotumiwa katika insha hii kwa sababu linafahamika zaidi, limetokana na kuteremka, na kwa msemaji wa kawaida mteremko ni mahali pa kushukia. Kusema kwamba mstari unaopanda una mteremko chanya kunamtaka asikie kinyume cha anachokijua. Mwinuko una tatizo lilelile upande wa pili, na tena linahitajika kwa ajili ya tofauti ya wima. Mwinamo, kutokana na kuinama, halielemei kupanda wala kushuka, na kwa sababu hiyo lina haki kubwa zaidi. Kasoro yake ni kwamba huelekeza fikra kwenye pembe, na pembe, kama Oresme alivyoonyesha, si jambo la kutegemewa mihimili inapotofautiana.

Kosa linalotokana na hapo linaweza kuonyeshwa kwa mfano wa reli ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Urefu wa njia hiyo ya zamani ni takriban kilomita 530, na Nairobi iko takriban mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Mteremko wa wastani kati ya miji hiyo miwili ni 1,660 juu ya 530,000, yaani takriban 0.0031, au mita 3.1 kwa kila kilomita. Wastani huo hauelezi mahali popote mahususi pa njia, kwa sababu treni hupita sehemu zilizosimama zaidi na nyingine zilizo karibu tambarare. Unaeleza tu mstari wa kuwazika unaounganisha ncha mbili. Mwanafunzi akiuchora mstari huo kwenye karatasi ya miraba kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 50 za mlalo na sentimita 1 kwa mita 200 za wima, atapata mstari wenye sentimita 10.6 za mlalo na 8.3 za wima. Akisoma namba kwenye mihimili na kugawanya mita 1,660 kwa kilomita 530, atapata mita 3.1 kwa kilomita, na atakuwa sahihi. Akichukua kipimapembe, atasoma takriban digrii 38, mlima ambao hakuna garimoshi la kawaida lingeupanda. Pembe halisi ni chini ya sehemu moja ya tano ya digrii moja.